Pikapu ya kupiga plau theluji: anza na ekseli ya mbele, injini baadaye

Kila ikikaribia mwezi wa kumi simu yangu haitulii, vijana wetu wa huku Minnesota wananiuliza swali lilelile, kaka nimeona pikapu ya Ford F-150 iko poa sana, maili chache, bei nzuri, nikiifunga plau, ile bledi ya mbele, nikaanza kusukuma theluji pembeni ya kazi itanilipa? Na mimi namuuliza kitu kimoja tu, umefungua mlango wa dereva ukasoma stika? Wengi hawajaisoma. Wameangalia injini, wameangalia viti, wameangalia rimu, wameuliza ina V8 au V6, lakini ile stika pale kwenye nguzo ya mlango, ambayo ndiyo inakuambia gari hili linaweza kubeba nini mbele, hakuna aliyeisoma.

Mimi kazi yangu ya kila siku ni uangalizi, nyumba ya watu wenye ulemavu, shifti za usiku kama wengi wetu hapa Brooklyn Park na maeneo ya jirani. Theluji ni kazi ya pembeni. Kabla sijanunua gari nilifanya winta nzima nikiwa mtu wa koleo kwa mzee mmoja Mkongo mwenye magari yake ya plau, yeye anaendesha, mimi nashuka nasafisha ngazi na milango na zile kona ambazo bledi haifiki, halafu tunaruka nyumba inayofuata. Ile winta ilinifundisha mengi kuliko video zote nilizowahi kutazama, maana nilikuwa naona gari likifanya kazi, naona linavyoumia. Mzee alikuwa ananiambia, mutoto yangu, usiangaliye moteri kwanza, angaliya mbele kule chini. Na kweli kila gari lililomlaza winta ile lilimlaza kwa kitu cha mbele au cha chini, hakuna hata moja lililosimama kwa sababu injini haina nguvu.

Sababu yake ni hii. Plau ya chuma ya futi 8, ile bledi iliyonyooka pamoja na fremu yake na pampu, inacheza kwenye paundi 700 mpaka 900, zile za umbo la V kubwa zinazidi hapo. Na huo uzito hauko juu ya ekseli, unaning'inia mbele ya bampa, kwa hiyo ukiinua plau ili uende nyumba nyingine gari linainama, mbele inabeba uzito wa plau wote na zaidi, kwa sababu nyuma inanyanyuliwa na uzito wa nyuma unahamia mbele. Sasa fikiria unapita kwenye mashimo ya barabara za mwezi wa tatu na kitu hicho kinaning'inia. Bolijointi, beringi za magurudumu, springi, shokapu, rodi za usukani, vyote vinapigwa kwa pamoja usiku kucha.

Ndiyo maana stika ni muhimu. Pale kuna GVWR, yaani uzito wote ambao gari likiwa limejaa halitakiwi kuupita, halafu kuna GAWR ya mbele na ya nyuma, yaani uzito ambao kila ekseli inaruhusiwa kubeba. Wewe shughulika na ile ya mbele. Halafu peleka gari kwenye mizani ya malori, zile stesheni kubwa za mafuta za madereva wa masafa zinakuwa nazo, unalipa dola chache wanakupa karatasi yenye uzito wa mbele na wa nyuma mbalimbali. Tuseme stika inasema mbele mwisho paundi 4,800, na karatasi ya mizani na wewe umekaa ndani inasema mbele tayari ni 3,900. Umebakiwa na 900. Plau ya 800 ikining'inia pale mbele inaweka zaidi ya 800 kwenye ekseli, na mtu wa koleo akikaa pembeni yako na yeye sehemu ya uzito wake inakwenda mbele, hapo ushafika mwisho au ushapita. Hesabu yenyewe ni kutoa na kujumlisha tu, na ikikataa basi imekataa, hata gari liwe zuri vipi.

Watengenezaji wa plau wenyewe, Western, Boss, Fisher, Meyer, wana sehemu kwenye tovuti zao unaingiza gari lako, mwaka, injini, aina ya kabini, wanakuambia plau ipi inaruhusiwa na uweke uzito kiasi gani nyuma. Huo uzito wa nyuma usiupuuze. Ni mifuko ya mchanga, unaipanga nyuma ya ekseli ya nyuma, karibu na mlango wa bodi, yaani kule nyuma kunakobebwa mzigo, na unaifunga isiteleze. Inafanya kazi mbili, inapunguza mzigo wa mbele na inayapa matairi ya nyuma kitu cha kushikia. Nimeona watu wanatupa mifuko pale katikati ya bodi au karibu na kabini, hapo haisaidii mbele hata kidogo.

Kwa hiyo nusu tani au robo tatu tani? F-150, Silverado 1500 na Ram 1500 ni hizo wanazoita nusu tani, halafu F-250, Silverado 2500HD, Ram 2500 ni robo tatu tani. Mtu mwenye draivwei yake, ile njia ya gari ya kuingia nyumbani, na za majirani wawili watatu anaweza kufunga plau nyepesi ya futi 7 au 7 na nusu kwenye nusu tani yenye springi za mbele zinazofaa, na atafanya kazi yake vizuri tu. Lakini kama unataka pesa, kama unataka orodha ya wateja unaowazungukia usiku kila theluji ikianguka, mimi nasema bila kuzunguka nenda robo tatu tani. Gari la robo tatu tani lenye miaka kumi na mbili mgongoni na chasisi nzima nalichagua mbele ya nusu tani la juzi linalong'aa. Na ukipata lililotoka kiwandani na pakeji ya plau ni bora zaidi, kwa Ford oda yake ni namba 473, kwa GM ni herufi VYU, kwenye zile GM za zamani kidogo unafungua droo ya mbele ya abiria unakuta stika imejaa vifupisho vya herufi tatu tatu, tafuta VYU humo. Pakeji inakuja na vitu kama springi nzito za mbele na alteneta kubwa, vitu ambavyo kuviongeza mwenyewe baadaye ni gharama, na kuongeza springi hakubadilishi namba iliyoandikwa kwenye stika.

Na wale ndugu zangu wa Toyota, najua. Sisi tumekua tukiona Hilux na Land Cruiser zinapanda milima na magunia ya viazi juu, mapenzi yake hayaishi, na mimi nyumbani mke wangu anaendesha Toyota. Lakini Tacoma mbele ni nyepesi, inabeba plau ndogo ya kusafisha kwako tu, na kwa sababu Toyota haishuki bei, pesa unayotoa kwa Tacoma iliyotumika inakupa F-250 au 2500HD iliyojengwa kwa mzigo. Kwa kazi hii hapana.

Sasa tuje kwenye kutu, hapa ndipo nataka msome polepole. Huku barabara zinamwagiwa chumvi kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne, na gari la plau linaishi ndani ya chumvi, tena lingine limekuwa linabeba mashine ya kumwaga chumvi nyuma kwa hiyo bodi na chasisi ya nyuma vimeloweshwa miaka. Gari linaweza kuwa zuri juu, rangi inang'aa, ndani safi, chini limeoza. Nilikwenda kuangalia Silverado 2500HD moja upande wa Anoka, juu huwezi kuisema vibaya, muuzaji mtu wa maneno mazuri, nikamwomba ruhusa nilale chini. Nikaweka kipande cha kadibodi kwenye changarawe, tochi mdomoni, nyundo ndogo mkononi. Chasisi yote imepakwa rangi nyeusi mbichi, bado inanukia. Nikaanza kugonga kuanzia mbele nikirudi nyuma, ting, ting, ting, sauti ya chuma kizima, nikafika pale juu ya ekseli ya nyuma karibu na kishikizo cha springi, sauti ikabadilika ikawa butu kama unagonga ndoo ya plastiki, nikagonga tena kidogo na vipande vikaniangukia shingoni, magamba makubwa mapana, nyuma ya rangi kuna shimo naweza kuingiza kidole gumba. Nikatoka nikajikung'uta, nikamshukuru muuzaji kwa muda wake nikaondoka. Bei alikuwa anashusha nikiwa natembea kwenda kwenye gari langu, lakini chasisi iliyooza hapo haina bei.

Kwa hiyo rangi mbichi chini ya gari la zamani ni sababu ya kugonga zaidi. Fuata pia paipu za breki kuanzia mbele mpaka nyuma, ni za chuma nyembamba na zinaliwa na chumvi, zikipasuka ukiwa na plau mbele na mchanga nyuma, na draivwei inateremka kuelekea mlango wa gereji ya mtu, sitaki hata kusema. Angalia paipu za mafuta, angalia vishikizo vya tanki, angalia vile vibao ambapo mkono wa plau unafungwa kwenye chasisi. Mtu akisema gari halijawahi kupiga plau na wewe unaona matundu ya boliti mapya kwenye chasisi mbele na waya zimekatwa nyuma ya bampa, basi umeshajua.

Ukipata gari limetoka kusini, Texas, Arizona, Tennessee, ambako chumvi haipo au ni kidogo, lipe nafasi hata kama maili ni nyingi. Maili za barabara kuu hazinitishi kama winta nane za Minnesota.

Injini nitasema haraka kwa sababu haina maneno mengi. Petroli. Dizeli ni tamu kwa kuvuta mzigo mrefu, lakini injini yake ni nzito na uzito huo unakaa mbele palepale ambapo unahitaji nafasi ya plau, baridi ikishuka chini sana mafuta yanaweza kuganda yakawa kama uji, na fundi wa dizeli akikuandikia bili unaweza kukuta winta nzima imekwenda. Kazi yenyewe ni mwendo mfupi mfupi, mbele nyuma mbele nyuma, spidi ya mtu anayetembea. Ile 6.0 ya petroli ya GM imefanya kazi hii miaka na miaka, 6.2 ya petroli ya Ford iliyoanza kwenye Super Duty mwaka 2011 nayo sina neno nayo. Giaboksi iwe otomatiki, na wakati wa kuijaribu usiende barabara kuu tu, tafuta paking tupu uwe unabadilisha mbele na nyuma, mbele na nyuma kwa dakika kadhaa mpaka ipate moto, halafu uangalie kama inachelewa kushika. Huo ndio usiku wake utakavyokuwa. Na siku ukiwa nalo, simamisha gari kabisa kabla hujaingiza rivasi, giaboksi nyingi za magari ya plau zinauliwa na haraka hiyo tu.

Fowili, yaani magurudumu yote manne yavute, ni lazima, na uijaribu. Iingize, isikilize, itoe. Usikubali maneno ya "inafanya kazi ila sijaitumia siku nyingi".

Umeme ni kitu kingine ambacho hakionekani kwenye picha za tangazo. Pampu ya plau inakula umeme mwingi sana kwa mkupuo, na wakati huohuo una taa zote, hita iko juu, wipa, taa ya njano ya juu, redio. Ukiinua plau na taa zikafifia na sindano ya volti ikalala, alteneta yako ni ndogo au betri imechoka. Baridi ya huku inapunguza nguvu ya betri hata ikiwa mpya, kwa hiyo wengi tunaweka betri kubwa au mbili kabisa.

Urefu wa gari pia watu wanausahau. Kila mtu anataka kabini ya milango minne ili wikiendi gari libebe watoto kwenda kanisani, naelewa, mimi pia nina watoto. Lakini F-250 ya kabini fupi na bodi ya futi 8 ina kama inchi 142 kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, ya milango minne na bodi hiyohiyo ni inchi 176. Kwenye paking ya duka hutaona tofauti. Kwenye draivwei za nyumba za watu, miti huku, sanduku la barua kule, gari la mwenye nyumba limeegeshwa vibaya, utageuza mara tatu pale mwenzio anapogeuza mara moja, na usiku una nyumba ishirini. Mimi nilichukua kabini ya kati, ile yenye milango midogo nyuma, na bodi fupi, na kwa orodha yangu ya wateja imenifaa sana.

Plau yenyewe chagua kwa kuangalia duka la spea lililo karibu na wewe. Huku kwetu Western na Boss zimejaa, ukienda upande wa Maine Fisher ndiyo utaiona kila kona. Saa tisa usiku hosi ya haidroliki ikipasuka hutajali jina la plau, utajali kama una hosi ya akiba nyuma ya kiti na oili ya kuongeza, na kama asubuhi duka la mtaani lina sili unayoitaka.

Sasa pesa, na hapa ndipo naumia nikiona vijana wanasaini mkopo wa miaka sita. Winta ya 2022 kuja 2023 hapa Twin Cities, yaani Minneapolis na St. Paul, theluji ilipita inchi 90, moja ya winta nzito zaidi tangu waanze kupima, kila mwenye plau alikuwa anacheka. Watu wakaona, wakanunua magari kwa mkopo kiangazi kile. Winta iliyofuata haikufika hata inchi 30. Ardhi ilikuwa kahawia mwezi wa kwanza, watu wanatembea na sweta, na marejesho ya gari hayaulizi kama theluji ilianguka. Wastani wetu ni kama inchi 51 kwa mwaka lakini wastani haulipi bili, unalipwa na ile iliyoanguka. Mteja wa kulipa kwa kila mara unamtoza labda dola 40 mpaka 70 draivwei moja kutegemea ukubwa, na mikataba mingi inasema unakuja ikifika inchi mbili, kwa hiyo vumbi la inchi moja halikuingizii kitu. Wateja wa kulipa bei moja ya msimu mzima wanakusaidia mwaka mkavu na wanakuchosha mwaka wa theluji, mimi nachanganya wote wawili. Ila gari lenyewe linunue kwa pesa uliyonayo, au deni dogo ambalo mshahara wako wa kawaida unalilipa bila theluji hata moja. Na liwe gari lenye kazi kiangazi, kuvuta trela, kubeba majani na matandiko ya bustani, kuhamisha watu nyumba, maana hawa wetu wanahama kila mwezi wa sita.

Usisahau pia kwamba sisi wa shifti za usiku hatuwezi kuchukua kila mteja. Mtu anayetoka kwenda kazini saa kumi na mbili asubuhi anataka draivwei yake iwe safi saa kumi na moja, na wewe unatoka kazini saa moja. Mimi nilitafuta wastaafu, kanisa, na saluni inayofunguliwa saa nne. Wateja hao ndio walionionyesha nahitaji gari la aina gani, kwa hiyo wajue kwanza kabla hujaenda kununua.

Bima usiibanie. Bima ya kawaida ya gari mara nyingi haikulindi ukiwa unapiga plau kwa malipo, unahitaji ya biashara, na juu yake ile ya kukulinda mtu akiteleza akaanguka mahali ulipopewa kazi ya kusafisha. Piga simu uliza bei kabla hujanunua gari maana inaweza kubadilisha hesabu yako yote. Na sheria ya Minnesota hairuhusu kusukuma theluji ya mtu ukaivusha barabara ya umma au kuiacha kwenye mtaro wa barabara, kwa hiyo ukienda kuangalia kazi mpya angalia kwanza utairundika wapi.

Wakati wa kununua ni mwezi wa nne na wa tano, wale waliochoka wanauza gari na plau kwa pamoja na hakuna foleni. Ukisubiri theluji ya kwanza bei imepanda na muuzaji hana muda na wewe. Mwambie aifunge plau mbele yako, aipandishe, aizungushe kushoto kulia mara kadhaa, halafu aiache juu mkipiga stori dakika kumi. Ikishuka yenyewe, sili au valvu zimechoka, hilo ni la kupunguza bei. Angalia oili inadondokea wapi, chukua tochi yako, lala chini.